Majivu, Chumvi na Mdudu Mgeni

Mtu aweza kulima ekari tatu, akapalilia kwa wakati wake, akavuna vizuri na kujaza kihenge mpaka juu, kisha akalala njaa mwezi wa Januari kwa sababu ya mdudu mdogo kuliko punje ya mchele. Jambo hili tumeliona kwa macho yetu, wala si mara moja. Walakini katika makala nyingi tuziandikazo sisi walimu husomwa habari za mbegu, za mbolea, za mvua na za bei, na habari ikifika mlangoni mwa nyumba hukatika, kana kwamba mahindi yakisha kuingia ndani hayana hadithi tena. Leo twapenda tuingie ndani, tukae jikoni pamoja na wenye jiko, tuseme juu ya majivu, chumvi, maji ya moto na vitu vingine vya nyumbani vitusaidiavyo. Na zaidi tuseme ni wapi msaada wake unapokoma, maana hapo ndipo watu wengi huumia.

Na tuanze na majivu, kwa kuwa hayanunuliwi. Kwetu Unyamwezi kuni zatoka katika miombo, nazo huacha majivu mengi, meupe na laini. Mama zetu waliosha vyungu kwa majivu kabla sabuni haijafika madukani, na walijua walifanyalo. Ndani ya majivu mna chumvi kali ya namna ya magadi. Ikikutana na mafuta yaliyoganda chunguni huyageuza kidogo yawe kama sabuni, na chembe za majivu husugua kama mchanga mwembamba. Hata sabuni yenyewe zamani ilipikwa kwa mafuta na maji yaliyochujwa katika majivu. Lakini chungu si sufuria. Sufuria za alumini huliwa na ukali huo. Basi yule azisuguaye kila siku kwa majivu na mchanga mpaka zikang'aa kama kioo, na ajue kwamba yale maji ya kijivu ayamwagayo yamechukua sehemu ya sufuria yake. Sisi twasugua zetu kwa sabuni na kipande cha dodoki, na weusi wa nje tukiuacha kidogo hatuoni aibu, ijapokuwa jirani yetu mmoja hutucheka.

Majivu yafaa chooni pia. Kila aendaye akitupa kopo moja shimoni, harufu hupungua na nzi hawapati raha. Yafaa mikononi siku sabuni ilipokwisha, ingawa penye sabuni hayana haja. Tena yafaa kuzunguka mguu wa meza ili sisimizi wasipande, mpaka siku mtu apitishe maji hapo yakalowa; kwa ajili hiyo sisi twaona ni afadhali kusimamisha miguu ya meza ndani ya makopo yenye maji kidogo. Na juu ya siafu watu wengi hupigana nao kwa majivu ya moto na vijinga usiku kucha. Sisi hatupigani. Twatoa watoto, twatoa kuku na mbuzi, twawaachia siafu nyumba saa kadhaa. Wakisha kwenda zao hakuna mende, hakuna vitoto vya panya darini, wala buibui hana mtu wa kumtazama. Ni wafagiaji wasiodai mshahara, isipokuwa wao huchagua siku yao wenyewe.

Kunguni ni habari nyingine. Huyu hatishwi na majivu, wala hatishwi na majani yanukayo ambayo watu huyatandika chini ya mkeka. Dawa yake ni joto. Kitanda hutolewa nje, nyufa zake zote na mafundo yote ya kamba humiminiwa maji yanayochemka, si yenye uvuguvugu. Nguo na mashuka huchemshwa. Na nyufa za ukuta huzibwa kwa udongo. Kisha kazi hiyo hurudiwa baada ya juma moja, na tena juma la pili, kwa sababu mayai yaliyofichika mahali maji yasipofika yataanguliwa. Wengi hufanya mara moja, hulala vizuri siku nne, halafu husema maji ya moto hayafai kitu. Na juu ya mbu hatusemi mengi: moshi wa majani ya mwarobaini huwasumbua kidogo, lakini mtoto na alale ndani ya chandarua chenye dawa.

Sasa twende kwenye chungu chenyewe. Maharage hula kuni kuliko chakula kingine chochote cha kwetu, na kuni siku hizi zafuatwa mbali. Ujanja wa kwanza ni kuyaloweka usiku kucha, na maji yale kuyamwaga asubuhi. Jambo hili si geni, lakini wangapi hulifanya? Ujanja wa pili ni magadi, ambayo hulainisha maharage makavu na kisamvu upesi na kuyapa majani rangi ya kijani. Twayatumia, lakini kidogo sana, maana magadi huharibu baadhi ya vitamini zilizomo katika chakula, na mpishi mvivu aweza kuyazidisha mpaka mboga ikawa na ladha ya sabuni. Ujanja wa tatu ni kapu. Chukua kapu kubwa, lijaze majani makavu au vitambaa, ufanye shimo katikati sawasawa na sufuria. Maharage yakisha kuchemka barabara, ipua, funika, tumbukiza kapuni, funika tena kwa mto uliojazwa nguo kuukuu. Yataendelea kuiva yenyewe pasipo moto, nawe uko shambani. Lakini angalia: maharage mekundu yana sumu ambayo huondolewa na mchemko mkali tu. Yasipochemka kwa nguvu angalau dakika kumi kabla ya kuingia kapuni, yatalainika na bado yatawaumiza watu tumbo na kuwatapisha. Kapu huhifadhi joto lililokwisha kuwamo, halileti jipya.

Ndimu huondoa shombo la samaki mikononi na madoa ya kutu katika nguo nyeupe, hasa nguo ikianikwa juani. Basi mtu mwenye akili aweza kufikiri hivi: ndimu yaondoa madoa, na ile dawa ya dukani ya kung'arisha nguo, yenye klorini, yaondoa madoa, nikizichanganya zitaondoa mara mbili. La, hasha! Dawa ile ikikutana na ndimu au siki hutoa hewa ya sumu ichomayo macho na kifua, na chooni penye dirisha dogo mtu aweza kuzimia. Kila moja ina kazi yake na siku yake.

Tumeyataja haya kwa haraka kwa sababu twataka kufika kihengeni.

Tangu zamani adui wa mahindi nyumbani ni fukusi, yule mdudu mweusi mwenye pua ndefu. Wazee walimpinga kwa majivu, na majivu yalimpunguza kweli. Kazi yake ni rahisi kuelewa: majivu yaliyochekechwa hujaza nafasi zilizo kati ya punje na punje, mdudu akakosa njia ya kutembea na kumtafuta mwenzake, tena humkwaruza lile ganda la nta lizuialo maji ya mwili wake yasipotee, naye hukauka. Lakini yatakiwa majivu mengi, yachanganywe mpaka punje zisionekane rangi yake. Konzi mbili zilizotupwa juu ya gunia ni mapambo tu.

Bibi yetu, mzaa baba, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Kihenge chake kilisukwa kwa fito, kikakandikwa udongo ndani na nje, kikasimama juu ya mawe ili panya wasipate njia. Alichekecha majivu yake kwa ungo mwaka mzima na kuyaweka katika mtungi uliofunikwa, na mtoto aliyeyagusa alijua kitakachompata. Watu walikuja kumwuliza.

Ndipo akaja mgeni. Katika mwaka 1981 wataalamu walimtambua mkoani Tabora mdudu ambaye kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati, na jina lake la kitaalamu ni Prostephanus truncatus. Watu wa kwetu walimwita dumuzi, na wengine walimwita Scania kwa jina la yale magari makubwa. Alifika akiwa amefichwa ndani ya nafaka, kama wafikavyo wadudu wengi wa ghalani, na kutoka kwetu akasafiri kwa magunia na magari mpaka Kenya, Burundi, Malawi, Zambia na kwingineko. Huyu si fukusi. Asili yake ni mtoboa miti; hukaa katika magogo ya porini na katika fito za kihenge chenyewe, hata mtu akimaliza mahindi yake yote mdudu angalipo akingoja mavuno mengine. Hula mahindi na makopa ya muhogo, na alapo hutoboa zaidi ya anavyokula, akiacha unga mwingi kama wa kinu. Tena hupenda mahindi yaliyo bado katika magunzi yake, kwa sababu punje zikishikwa imara yeye hupata mahali pa kuegemea atoboapo. Na sisi Wanyamwezi mahindi yetu tuliyaweka hivyo hivyo, na magunzi yake. Ni kana kwamba tulimwandalia kitanda.

Tulikuwa wanafunzi wa darasa la pili siku bibi alipofungua kihenge, baada ya miezi michache tu tangu mavuno. Alitia mkono akautoa mweupe mpaka kiwiko. Hakusema neno. Akatuambia tulete ungo, akapepeta tangu asubuhi mpaka jua la utosi, na magunzi yaliyotoka yalikuwa mepesi kama vifuu vya karanga, punje zimebaki maganda. Majivu yake yalikuwamo yote. Vipimo vilivyofanywa miaka ile katika nyumba za wakulima vilionyesha kwamba mahali pengine hata theluthi ya uzito wa mahindi ilipotea kwa miezi michache. Kwa bibi nadhani ilikuwa zaidi, ila hakuna aliyepima. Mwaka ule tulikula mihogo ya kuomba kwa wajomba, na tukajua ladha ya kila jani la porini liliwalo.

Baada ya miaka michache bwana shamba alikuja na unga wa dawa. Alieleza kwamba ile dawa ya zamani iliyomweza fukusi haikumweza dumuzi vizuri, na ile iliyomweza dumuzi, iitwayo permethrin, haikumweza fukusi vizuri. Basi zote mbili zilichanganywa katika pakiti moja. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Mjukuu wangu, dawa hii yaua mdudu alaye mahindi haya. Na mimi je, si nayala mahindi hayo hayo?" Watu wakacheka, lakini bwana shamba hakucheka, na kwa ajili hiyo twamheshimu mpaka leo. Akapiga magoti, akaonyesha maandishi ya pakiti, akaonyesha kipimo cha gunia moja, akaeleza kwamba mahindi hupukuchuliwa kwanza, dawa huchanganywa kwa koleo juu ya turubai, na kwamba hayaliwi mpaka siku zilizoandikwa zipite, na yakitolewa hupetwa na kuoshwa. Bibi akajibu kwamba amesikia, naye atatazama. Mwaka ule alipukuchua mahindi yake yote, akatia nusu katika pipa moja kwa dawa kama alivyofundishwa, na nusu katika pipa la pili kwa majivu, akayafunika yote mawili sawasawa. Mwezi wa Desemba alituita tutazame. Tangu hapo mahindi yake aliyatia dawa, na majivu aliyahamishia kwenye maharage, ambako dumuzi hana shughuli kubwa. Hatukumsikia akiyasema majivu vibaya hata siku moja, wala kuisifu dawa.

Wataalamu nao hawakulala. Walimleta kutoka Amerika ya Kati mdudu mwingine ambaye humla dumuzi, wakamwachia huru nchini Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Amesaidia mahali na mahali, lakini hakummaliza adui.

Sasa twaja kwenye jambo linalotuuma. Swali la bibi lilikuwa la haki, na watu wengi wameacha kuliuliza. Zamani watu waliogopa dawa. Siku hizi wameizoea kama chumvi. Katika mnada mmoja tulimkuta mfanya biashara akiuza unga mweupe katika vifuko vya plastiki vilivyofungwa fundo, pasipo jina, pasipo kipimo, pasipo tarehe. Tulimwuliza ni unga gani. Akajibu, "Ni dawa ya wadudu tu, mwalimu, yaua wote." Jirani yetu alinunua vifuko viwili kwa kuwa bei yake ilikuwa nusu ya ile ya dukani. Alitia katika mahindi kwa kukadiria, na mkewe akasaga mahindi yale baada ya juma moja. Usiku ule watu wanne wa nyumba ile walitoka jasho, mate yakawatiririka, matumbo yakawakata, na mboni za macho yao zikawa ndogo kama ncha ya sindano. Mganga wa zahanati alizitambua dalili zile mara moja, maana alikwisha kuziona kwa vibarua wa mashamba wapigao dawa pasipo kujikinga. Wote walipona, lakini mtoto mmoja kwa shida. Dawa ya pamba au ya tumbaku ilitengenezwa kwa mmea uliwao na mdudu shambani, siyo kwa punje itakayokuwa ugali jioni. Hata yule aliyeitengeneza hangeithubutu hivyo.

Wabaya zaidi ni vile vidonge vya kufukizia nafaka. Vikipata unyevu wa hewa hutoa hewa ya sumu iitwayo fosfini, na hewa hiyo haijui kwamba ilikusudiwa wadudu. Hupenya gunia, hupita chini ya mlango. Kazi yake ni ya watu waliofundishwa, katika ghala lililo peke yake na kufungwa sawasawa. Wako watu walioweka kidonge katika magunia yaliyo chumbani wanamolala, wakalala pamoja nayo, na asubuhi hawakuamka. Wala hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Twawasihi wasomaji: kidonge hicho kisivuke kizingiti cha nyumba.

Na mafuta ya taa, na dawa yoyote ya maji, yasitiwe katika chupa ya soda. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, lakini chupa ya soda aijua vema. Akinywa mafuta ya taa asitapishwe, kwa kuwa atapikapo mafuta huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ichukuliwe ionyeshwe.

Liko adui mwingine ambaye hana miguu, naye ni ukungu. Mahindi yakiwekwa ndani kabla ya kukauka, au yakianikwa juu ya udongo mtupu na kunyeshewa, huota kuvu, na kuvu nyingine hutoa sumu ambayo kwa Kiswahili cha siku hizi huitwa sumukuvu. Katika mwaka 2004, upande wa mashariki wa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi ya namna hiyo, na 125 kati yao walikufa. Ini lao ndilo lililoshambuliwa. Sumu hii haionekani kwa macho, haiondolewi na kuosha, wala haitoki kwa kupika ugali hata uungue. Tumesikia wakipishi wakisema kwamba mahindi yaliyooza hufaa pombe, au hufaa kuku, au hufaa ng'ombe. Hayafai. Ng'ombe wa maziwa akiyala, sumu hupita ikaingia katika maziwa ya mtoto. Hapa hakuna ujanja wa jikoni utakaotuokoa. Lililo mikononi mwetu ni kukausha tu, na kuanika juu ya turubai au mkeka, na kuyatoa yaliyoota ukungu yafukiwe.

Lakini mtu atajuaje kama mahindi yamekauka? Wazee huuma punje, na meno ya wazee ni hodari, ila kila mtu ana meno yake. Sisi tumefundishwa njia ya chumvi, nayo twaipenda kuliko ujanja wote wa nyumbani. Twaa chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kizibo. Tia mahindi mpaka robo au theluthi. Kaanga chumvi kidogo katika kikaango kikavu ili unyevu wake utoke, iache ipoe, kisha tia vijiko viwili vitatu chupani. Funga, tikisa kwa nguvu dakika chache, halafu iache itulie kama robo saa. Chumvi ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, mahindi yamekauka yatosha kuwekwa. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, yarudishe juani, hata kama shemeji yako amekwisha kuleta magunia. Tumelifanya jambo hili darasani, na wanafunzi wakalipeleka nyumbani kwao. Mama mmoja alituletea salamu kwamba mwanawe sasa hamruhusu kufunga gunia mpaka alete chupa yake.

Mahindi yakisha kukauka hivyo, iko njia ambayo haina dawa wala majivu, nayo ni ile mifuko isiyopitisha hewa ambayo wengi waiita PICS. Ilibuniwa katika miaka ya 1980 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani pamoja na wenzao wa Kamerun, kwa ajili ya kunde. Ni mifuko miwili ya plastiki nzito, mmoja ndani ya mwingine, na ya tatu ni gunia la kawaida la kuilinda. Nafaka hushindiliwa, hewa ikakamuliwa, kila mfuko ukasokotwa shingo na kufungwa peke yake. Wadudu waliomo ndani huvuta ile oksijeni iliyobaki na kutoa hewa ya ukaa, mpaka wenyewe wakaishiwa. Huacha kula, na kwa kuwa mdudu wa nafaka hupata maji ya mwili wake kwa kula, mwishowe hukauka. Hujinyonga kwa pumzi zao wenyewe. Dumuzi naye hufa humo.

Bei ya mfuko huo ni kubwa kuliko ya gunia, wala hatufichi. Lakini usipotoboka hutumika tena mwaka wa pili na wa tatu. Kabla ya kuutumia ujaze hewa, kamata shingo, ubane kifuani usikilize kama wapuliza mahali. Usiuegemeze ukutani wala kuuweka chini. Uweke juu ya mbao, na paka awepo, maana panya hajali elimu ya chuo kikuu. Na usiufungue kila siku kwa kuchota kibaba, kwa sababu kila ufunguapo wawapelekea wadudu hewa mpya. Sisi twatenga mahindi ya mwezi mmoja nje, na mifuko hufunguliwa mmoja mmoja.

Kunde nazo zafaa kuwekwa katika mifuko hiyo. Asiye na mfuko na azianike kwa namna hii: atandike plastiki nyeusi juu ya majani makavu, amwage kunde ziwe nyembamba, afunike kwa plastiki nyeupe ipitishayo mwanga, abane kingo zote kwa mawe, aziache jua la mchana likali saa mbili au zaidi. Joto la humo huua fukusi pamoja na mayai yake na watoto wake waliomo ndani ya punje. Jua tupu juu ya mkeka haliwaui wote. Wakubwa hutembea wakaenda kivulini, wakarudi jioni.

Maharage tumeyaacha mwisho kwa sababu ujanja wake hauna gharama hata ya senti moja, na bado watu hawauamini. Fukusi wa maharage hutaga mayai yake ovyo kati ya punje. Mtoto wake akianguliwa hana nguvu. Hutafuta mahali ambapo punje mbili zimekaribiana, akaegemea moja akatoboa nyingine, na kazi hiyo humchukua kama siku nzima. Basi ukiyageuza maharage kabla hajamaliza, hupoteza tundu lake na egemeo lake, akaanza upya. Ukiyageuza tena, huanza tena. Mwishowe huchoka akafa nje. Wataalamu walijaribu kuyabingirisha maharage asubuhi na jioni, wakaona fukusi wamepungua mno. Kunde hazifai kwa ujanja huu, maana fukusi wake hugandisha yai juu ya punje, na mtoto hutoboa papo hapo. Na maharage yaliyokwisha kuingiwa hayatatibiwa kwa kugeuzwa. Huna budi kuanza mara baada ya kupura na kukausha.

Sisi twatumia pipa dogo la plastiki lenye kifuniko cha kusokota, limejaa nusu tu ili maharage yapate nafasi ya kuporomoka. Hukaa nyuma ya mlango. Asubuhi kabla ya kwenda shule watoto hulibingirisha kwa miguu mpaka ukuta wa pili na kulirudisha, na jioni vivyo hivyo. Kitinda mimba wetu hudai zamu mbili kwa sababu yeye bado hajaanza shule, nasi twampa.